Somo la Mawimbi: Kufundisha kwa Mikono na kwa Macho



Mtoto wa Delta ya Rufiji hakumbuki siku aliyoona wimbi kwa mara ya kwanza, maana alizaliwa penye mawimbi. Hujua saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Hujua siku za bamvua na siku za maji mafu. Na mtumbwi ukianza kuyumba, mwili wake hujua la kufanya kabla hajafikiri. Walakini mtoto huyo huyo akiulizwa darasani, “Wimbi ni nini?” hunyamaza, ama hutaja maneno aliyonakili ubaoni kwa lugha ya Kiingereza, wala hatambui ya kuwa maneno yale ni habari za maji aliyoyavuka asubuhi ile.

Wilaya ya Kibiti ina watoto wa namna mbili. Wako wale wa mji wa Kibiti na vijiji vya kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi, ambao wengine wao hawajaiona bahari. Tena wako wale wa Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi na Msala, ambao hawaendi popote pasipo chombo. Wa kwanza hawana wimbi la kutazama. Wa pili wanalo, lakini hawakufundishwa kulitazama. Somo letu la leo lawafaa wote wawili. Halihitaji umeme wala vyombo vya duka. Na mwishoni mtaona kwamba ni jambo la uhai wa watu, wala si la kushinda mtihani tu.

1. Vitu vitakiwavyo

Tafuteni kamba ya nazi ya mita tano au sita, na kitambaa chekundu, beseni pana, mbao tatu au nne fupi, kipande kidogo cha kumbi la nazi, vijiti mia moja vyembamba, rula, na saa au simu iwezayo kuhesabu sekunde. Tena chimbeni mfereji kivulini, urefu wake mita tatu, upana wake nusu mita, na kina chake kama sentimeta ishirini. Ufanyeni uwe na sakafu iliyo sawa, mkautandike turubai lisilovuja. Maji yenyewe yatawaonyesha kama mmeusawazisha: pimeni kina upande huu na upande ule, kikitofautiana rekebisheni udongo. Kazi hiyo ya kuchimba wapeni watoto waifanye. Aliyeuchimba mfereji kwa mikono yake hatalala usingizi somo likianza.

2. Jaribio la kwanza: kamba

Watoto wawili na washike kamba, kila mmoja mwisho wake, wakiivuta kidogo. Katikati fungeni kile kitambaa chekundu. Mmoja apige mkono wake juu na chini mara moja. Nundu moja itakimbia juu ya kamba toka mkono huu hata mkono ule. Kabla hamjafanya, waulizeni wote: “Je, kitambaa kitakwenda wapi?” Wengi watasema kwamba kitachukuliwa kwa yule wa pili. Acheni waseme, mkayaandike majibu yao ubaoni. Kisha fanyeni. Kitambaa hupanda, hushuka, hukaa pale pale kilipofungwa.

Hili ndilo neno la kwanza la somo, na ndilo kubwa: wimbi hupeleka nguvu, lakini kile kitu kinachobeba wimbi hubaki mahali pake. Yule mtoto wa pili alipokewa nini mkononi? Alipokea mshtuko, yaani nguvu ya mkono wa mwenzake. Kamba hakuongezewa hata sentimeta moja.

Sasa fungeni mwisho mmoja wa kamba katika mti, mkapige tena. Nundu itaufikia mti na kurudi, nayo itarudi imepinduka, ya juu ikiwa chini. Kisha ivuteni kamba kwa nguvu zaidi: nundu huenda mbio zaidi. Basi mwendo wa wimbi huamriwa na hali ya kamba. Ukipiga mkono kwa hasira hupati wimbi la mbio, wapata lililo kubwa tu.

3. Jaribio la pili: beseni

Jazeni beseni maji nusu, mkaliache litulie. Wekeni kipande cha kumbi kielee katikati. Dondosheni tone moja la maji kando yake. Miviringo hutokea, nayo hupanuka hata ukingoni. Kumbi hupanda na kushuka, hucheza mbele na nyuma kidogo, kisha husimama karibu pale lilipokuwa. Yaliyosemwa na kamba yasemwa na maji pia.

Hapa mtoto wa Delta atawapinga, naye atakuwa na haki: “Mwalimu, mbona vitu vyaletwa pwani na maji kila siku?” Msimkemee. Mwelezeni kwamba vitu vile huletwa na mkondo, na upepo, na maji yajaayo. Tena wimbi likifika penye maji haba huanguka na kuvunjika, na hapo ndipo maji yenyewe husukumwa mbele. Pwani twaona mambo hayo yote yamechanganyika, lakini ndani ya beseni twaweza kulitazama moja peke yake. Hiyo ndiyo faida ya jaribio.

Kisha simamisheni ubao ndani ya maji: miviringo huupiga ikarudi. Wekeni mbao mbili, mkiacha mwanya mdogo kati yake, mkadondoshe tone upande mmoja. Wimbi lipitalo katika mwanya halibaki jembamba kama mwanya. Huenea upya kwa duara upande wa pili. Ndivyo yafanyavyo mawimbi ya bahari yaingiapo katika mlango wa Simba Uranga na milango mingine ya Rufiji: huingia penye nafasi ndogo, kisha hutawanyika ndani na kupoteza ukali wake. Kwa hiyo nahodha mwenye akili hutafuta pa kutia nanga nyuma ya pembe ya kisiwa, walakini hakosi kusikia chombo chake kikitikiswa kidogo, kwa kuwa wimbi huipinda pembe.

4. Maneno matatu ya kupima

Wimbi lina mgongo na bonde. Toka mgongo hata mgongo wa pili ni urefu wake. Toka chini ya bonde hata juu ya mgongo ni kimo chake. Na hesabu ya migongo ipitayo mahali pamoja kwa sekunde moja yaitwa marudio. Ukizidisha urefu kwa marudio wapata mwendo.

Mfano huu wafaa kwa watoto wa pwani. Mtumbwi umefungwa karibu na ufuko, nao huinuka mara moja kila sekunde 5. Toka mgongo hata mgongo twakadiria mita 20. Basi wimbi huenda mita 20 kwa sekunde 5, ndiyo mita 4 kwa kila sekunde. Iwekeni hesabu hiyo akiba, tutaihitaji mbele.

Neno la kimo yatupasa kulieleza vema, maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia katika matangazo yake. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Kisiwa cha Mafia, kinachoelekeana na Delta yetu, watu wa pwani walitangaziwa upepo mkali na mawimbi makubwa. Msikiaji asikiapo “mita 2” asidhani kwamba hakuna wimbi litakalozidi hapo. Desturi ya wataalamu wa hali ya hewa ni kuchukua theluthi ya mawimbi, yale yaliyo makubwa, na kutangaza wastani wake. Kwa hiyo moja moja katikati ya mengi laweza kukaribia mara mbili ya kimo kile. Mvuvi aliyesema moyoni, “Chombo changu chaweza mita 2,” amesahau lile moja.

5. Jaribio la tatu: kina cha maji na mwendo wa wimbi

Sasa twende kwenye mfereji. Tieni maji yenye kina cha sentimeta 2. Simamisheni ubao mwisho mmoja, mkausukume mbele mara moja, kidogo. Wimbi litakwenda hata mwisho wa pili. Mtoto mmoja ahesabu muda, mwingine aandike. Fanyeni mara tatu, mkachukue wastani. Kisha ongezeni maji hata kina kiwe sentimeta 8, mkarudie.

Waulizeni kwanza: “Penye maji mengi wimbi litakwenda pole au mbio?” Wengi hudhani litakwenda pole, kwa kuwa maji mengi ni mazito. Saa itawajibu. Penye sentimeta 2, wimbi huzipita mita tatu kwa muda wa sekunde 7 hivi. Penye sentimeta 8, kwa sekunde 3 na nusu hivi. Kina kimeongezwa mara nne, mwendo umeongezeka mara mbili. Hesabu zenu zikipungua au kuzidi kidogo msihuzunike, wala msizibadilishe zifanane na za kwetu. Andikeni mliyoyaona.

Kanuni yake ni hii: chukua kina kwa mita, zidisha kwa 10, kisha tafuta kipeuo cha pili, utapata mwendo kwa mita katika sekunde. Kanuni hii ni ya mawimbi yaliyo marefu sana kuliko kina cha maji yayabebayo. Rudini sasa kwenye ule mtumbwi uliofungwa. Wimbi lake lilikwenda mita 4 kwa sekunde. Nne mara nne ni 16. Gawanya kwa 10, wapata 1.6. Basi kina cha maji chini yake ni karibu mita moja na nusu, ama kuzidi kidogo. Mtoto amepima kina cha maji akiwa amesimama nchi kavu, bila upondo. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Lakini mwenye kuhesabu mawimbi aweza kuyajua kwa kadiri kabla hajayafika.

Kanuni hiyo hiyo yaeleza mambo mengine ambayo watoto huyaona kila siku. Wimbi likikaribia fungu la mchanga hupunguza mwendo. Lile la nyuma, lililo penye maji mengi, laja mbio. Basi migongo husongana, wimbi huwa fupi na refu kwenda juu, mwisho huanguka kwa povu. Kwa hiyo mstari wa povu katikati ya maji ni alama ya fungu. Tena wimbi lijapo kwa mshazari, upande uliotangulia kufika penye maji haba hupungua mwendo kwanza, na ule mwingine hugeuka kuufuata. Ndiyo sababu mawimbi huufikia ufuko yakiuelekea, hata kama upepo unavuma kwa upande.

6. Habari ya tarehe 26 Desemba 2004

Siku hiyo, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia. Sakafu ya bahari iliinuka, na maji yaliyo juu yake yakainuka pamoja nayo. Hapo likazaliwa wimbi liitwalo tsunami.

Fanyeni hesabu pamoja na watoto. Kina cha Bahari ya Hindi kwa kadiri ni mita 4,000. Zidisha kwa 10, wapata 40,000. Kipeuo chake cha pili ni 200. Wimbi lilikwenda mita 200 kwa sekunde, ndiyo kilometa 720 kwa saa, kama ndege. Toka kule hata kwetu ni zaidi ya kilometa 6,000. Gawanyeni: mtapata saa 8 hadi 9. Na ndivyo ilivyokuwa. Maji yaliifikia pwani ya Afrika Mashariki mchana wa siku ile ile. Hapa Tanzania walikufa watu 10 au zaidi, na wengi wao walikuwa wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam. Kule Kenya, habari za msiba wa Asia ziliposikika, watu waliondolewa katika fukwe, na aliyekufa ni mmoja.

Ndugu, yafikirini hayo. Wimbi lilikuwa njiani saa nane. Muda wa kuonya watu ulikuwapo. Kilichopungua ni watu wa kulijua jambo lenyewe na kulipeleka neno haraka.

Siku hiyo hiyo, katika ufuko wa Maikhao kisiwani Phuket, nchi ya Thailand, alikuwapo msichana Mwingereza wa miaka 10, jina lake Tilly Smith. Aliona bahari ikitoka povu na kufanya mambo yasiyo ya kawaida. Majuma mawili kabla ya hapo mwalimu wake wa jiografia alikuwa amewafundisha habari za tsunami. Aliwasihi wazazi wake, na ufuko ukaondolewa watu kabla ya maji kufika. Watu wapatao mia moja waliokoka. Mwalimu yule alipokuwa akifundisha hakujua ni nani atakayelihitaji somo lile, wala lini. Na sisi hatujui.

Dalili moja ya tsunami ni maji kukimbia na kuiacha nchi wazi kwa ghafula. Mgeni aweza kudhani ni maji kupwa tu. Lakini mtoto wa Mbuchi au wa Salale hadanganyiki, maana ajua kwamba toka kujaa hata kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, na maji yakipwa si saa yake atashtuka. Mfundisheni kwamba akiona hivyo asiende kuokota samaki walioachwa. Apige kelele, akimbie mbali na maji na mahali pa juu, wala asirudi baada ya wimbi la kwanza, kwa sababu la pili au la tatu laweza kuwa kubwa kuliko lile. Mfundisheni pia kwamba dalili hiyo hukosekana pengine: wimbi laweza kuja bila maji kutoka kwanza. Kwa hiyo tangazo la hatari likisikika, na litiiwe.

7. Jaribio la nne: mikoko

Katika mfereji wenye maji ya sentimeta 8, sukumeni wimbi, mkapime kimo chake mwisho wa mfereji kwa rula iliyosimamishwa. Kisha pigilieni vijiti hamsini katika vibao vilivyowekewa mawe, mkavizamishe katikati ya mfereji visimame kama msitu. Sukumeni ubao kwa nguvu ile ile, mkapime. Ongezeni vijiti viwe mia, mkapime tena. Kila kijiti kimekula sehemu kidogo ya nguvu, nalo wimbi hufika limechoka.

Delta ya Rufiji ina misitu ya mikoko ipatayo hekta 50,000, nayo ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Mlilana husimama mbele kuielekea bahari. Mkoko una mizizi kama miguu mingi. Mchu huchomoza mizizi yake matopeni kama penseli. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali waonyesha kwamba mawimbi ya upepo yakipita mita 100 za mikoko, kimo chake hupungua kwa sehemu 13 hadi 66 katika mia, kwa kadiri ya unene wa msitu na kina cha maji. Wimbi kubwa la tsunami ni jambo jingine. Msitu waweza kulipunguza, hauwezi kulizuia.

Twajua kwamba watu wa Delta hukata mikoko kwa boriti, kwa kuni, na kwa kufungua mashamba ya mpunga. Nao wana njaa na watoto kama watu wote. Hatuandiki ili kuwahukumu. Lakini mtoto aliyepima kimo cha wimbi kwa rula yake, kwanza pasipo vijiti, kisha penye vijiti, atakapokuwa mtu mzima na kusimama na shoka mbele ya mlilana, atajua anachokiuza na bei yake.

8. Mawimbi yasiyoonekana

Simamisheni watoto kumi kwa mstari, mabega yakigusana, mkamsukume wa mwisho polepole. Msukumo hupita kwa wote, na kila mmoja hurudi mahali pake. Ndivyo sauti ipitavyo hewani, mita 340 hivi kwa sekunde. Katika tawi pana la mto, mtazameni mtu akatae kuni ng'ambo: shoka huonekana likipiga, na mlio hufika baadaye.

Yako na mawimbi yasiyohitaji maji wala hewa, kama ya nuru na ya redio. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika matawi ya Rufiji. Manowari za Kiingereza Severn na Mersey ziliipiga mizinga bila kuiona, zikiongozwa na habari zilizotumwa kutoka ndegeni kwa simu ya upepo. Tarehe 11 Julai iliharibiwa kabisa, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

9. Shauri kwa walimu

Ulizeni kabla ya kuonyesha. Mtoto aliyekwisha sema dhana yake hutazama kwa bidii, apate kujua kama amesema kweli. Msiwachekee waliokosa. Jaribio likishindikana, tafuteni sababu pamoja nao. Huenda turubai lavuja, huenda upepo wayatikisa maji. Jambo walielewe kwanza kwa Kiswahili, kisha wapeni maneno ya Kiingereza watakayoyahitaji katika mtihani wa Fizikia. Na mkiwapeleka ufukweni, nendeni na mtu mzima ajuaye kuogelea.

Maswali ya kujipima

1. Kitambaa kilicho juu ya kamba kilifanya nini wimbi lilipopita, nasi twajifunza nini kwa hilo?
2. Mtumbwi huinuka kila sekunde 4, na toka mgongo hata mgongo ni mita 12. Mwendo wa wimbi ni kiasi gani? Kina cha maji ni karibu kiasi gani?
3. Kwa nini povu katikati ya maji huonyesha fungu?
4. Tangazo lasema mawimbi ya mita 2. Je, lile kubwa kuliko yote laweza kuwa na kimo gani?
5. Maji yamepwa ghafula, na saa ya kupwa bado. Utafanya nini kwanza, na utamwambia nani?

Swali la tano msiliache liandikwe daftarini tu. Kila mtoto na alijibu kwa kinywa chake, kwa sauti ya kusikika.